Kinachoingia Ziwani Kinakaa

Hotuba hii ilitolewa Ujiji mbele ya wavuvi, kina mama wanaoanika dagaa na wakulima wa vilimani. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa majini au shambani siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wa mwaloni, poleni na kazi ya usiku. Najua baadhi yenu mmekuja hapa moja kwa moja kutoka mitumbwini na macho bado yanadai usingizi, kwa hiyo nitajitahidi maneno yangu yawe na faida kuliko godoro.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuishi ili watoto wetu na watoto wao wakute dunia inayokalika. Dunia ni pana, ndugu zangu. Leo nitazungumzia beseni moja tu, hilo lililoko nyuma yenu.

Ziwa Tanganyika panapozama zaidi lina kina cha mita 1,470. Duniani kote ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji yote yasiyo na chumvi yaliyomo katika maziwa na mito ya dunia. Sasa niwaulize: mito mingapi inaingia humo? Malagarasi inaingia. Luiche hii ya jirani inaingia. Ruzizi inateremka kutoka Ziwa Kivu, inaingia. Vijito vya vilimani havihesabiki. Na mito mingapi inatoka?

Mmoja. Lukuga, ng'ambo ya pili, kule Kalemie upande wa Kongo.

Tena Lukuga wenyewe haubebi kingi. Katika kila ndoo 10 za maji zinazoondoka ziwani, zaidi ya 9 zinaondoka kwa kuvukizwa na jua. Na jua, mama zangu, linakunywa maji matupu. Halibebi udongo, halibebi oili ya mashine, halibebi mfuko wa plastiki. Hayo yote linatuachia. Wataalamu wamekadiria kwamba kama maji haya yangetoka kwa Lukuga peke yake, ingechukua karibu miaka 7,000 kuyabadilisha yote. Kwa hiyo naomba mshike maneno matatu tu kutoka kwangu leo: kinachoingia ziwani kinakaa.

Mlango huo mmoja una habari yake, na inaanzia hapahapa Ujiji. Mnajua mnara wa Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Mgeni akifika pale huuliza, mbona maji yako mbali? Wakati ule yalikuwa karibu zaidi, kwa sababu ziwa lilikuwa juu. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga. Mwaka 1876 Stanley naye alifika, akaukuta umezibwa kwa tope na mafunjo. Maji yanaingia, hayatoki; beseni linajaa. Miaka michache baadaye kizuizi kikapasuka. Hore, baharia mmisionari aliyekuwa na makazi hapa Ujiji, aliuona Lukuga mwaka 1879 ukienda kwa kasi. Ziwa likashuka mita kadhaa, na ufukwe wa Ujiji ukabaki nchi kavu.

Kwa nini ninawapeleka huko kwa mababu? Kwa sababu tope na majani katika mlango mmoja viliamua ufukwe wa watu wote wa ziwa hili uwe wapi. Miaka hii maji yamepanda tena, nanyi mmeyaona. Bujumbura na Uvira yameingia hadi vyumbani mwa watu. Sababu kubwa ya safari hii ni mvua nyingi. Lakini mvua ileile inayojaza ziwa ndiyo inayopita mashambani kwetu kwanza. Inashuka na nini?

Hapo ndipo nataka tukae kwa muda mrefu zaidi.

Tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo ni zaidi ya maji. Tazameni Luiche siku ya mvua kubwa, rangi yake ni ya chai ya maziwa. Rangi ile ni shamba la mtu. Ni mbolea, ni samadi, ni mahindi ya mwakani. Anayelima kilimani anaupoteza udongo, na mvuvi wa chini anaupokea mahali ambapo hautakiwi.

Samaki wengi wa ziwa hili wanaoishi kandokando hutaga kwenye miamba na mchanga safi, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tope likitua juu ya mwamba, linafunika ukungu wa kijani ambao samaki wadogo wanakula, na linaziba nyufa wanamojificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha sehemu za mwambao zilizo chini ya vilima vilivyofyekwa na zile zilizo chini ya vilima vyenye misitu. Penye tope jingi aina za viumbe zilikuwa chache. Mkulima aliye juu hajawahi kutupa wavu maishani mwake, na bado anamvua samaki.

Ndugu zangu, hapa Kigoma tuna ushahidi mwingine ambao dunia nzima inautumia. Jane Goodall alipofika Gombe Julai mwaka 1960 kuchunguza sokwe, misitu ilienea mbali nje ya eneo la hifadhi. Kuna picha za setilaiti za mwaka 1972 na za mwaka 1999. Katika picha za 1972 kijani kinavuka mpaka. Katika zile za 1999 hifadhi inaonekana kama mkeka wa kijani uliokatwa kwa kisu, na pembeni yake vilima viko utupu. Sokwe wamebaki kisiwani, na kisiwa chenyewe ni cha miti. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, ukapita vijijini kuuliza watu wanahitaji nini kwanza: maji, afya, shamba linalozaa. Vijiji vikatenga misitu yao vyenyewe. Na sehemu kubwa ya miti iliyorudi haikutoka kwenye vitalu. Ilichipua kutoka visikini, kwa sababu mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi ikisubiri kuachwa.

Kwa hiyo mwenye visiki kilimani ana kitalu cha bure. Wakati huu wa kiangazi, chagua katika kila kisiki machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine kata. Yale uliyoyaacha, punguza matawi ya nusu ya chini. Mwaka unaofuata punguza tena, ubaki na mawili au matatu. Yale unayokata ni fito na kuni. Kinachoua kazi hii ni vitu viwili, moto na mbuzi. Kama hujakubaliana na jirani kuhusu moto na mbuzi, usipoteze jasho lako kwanza. Nenda mkaongee.

Sasa shamba lenyewe. Wengi wenu mmewahi kuchimba makingamaji, na wengi mmeyaacha mkisema yanavunjika. Ni kweli yanavunjika. Yanavunjika kwa sababu yalipimwa kwa macho. Jicho hudanganywa na kilima. Mtaro ukiinama hata kidogo, maji yote yanakimbilia upande ulio chini, yanajikusanya pale, yanapasua ukingo na kuchimba korongo baya kuliko kama usingechimba kitu. Mkulima analaumu mtaro, lakini kosa ni kipimo.

Kipimo chake kinatengenezwa kwa vijiti. Chukua nguzo mbili nyoofu za mita 2 kila moja, na kijiti cha mita 1 na robo. Funga ncha za juu za nguzo pamoja, panua miguu mpaka iwe mbalimbali kwa mita 2, kisha funga kijiti katikati ya nguzo kwa kulala. Umepata umbo la herufi A. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lishuke chini kidogo ya kijiti cha katikati bila kugusa ardhi. Kamba ikatize mbele ya kijiti.

Kabla ya kuipeleka shambani, ifundishe. Isimamishe mahali, piga alama pale miguu inapokanyaga, subiri jiwe litulie, weka alama kwenye kijiti pale kamba inapopita. Kisha igeuze, mguu wa kulia ukanyage alama ya kushoto na wa kushoto ukanyage alama ya kulia. Weka alama ya pili kwenye kijiti. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa wako. Ichonge kwa kisu isifutike. Mtu akikwambia hatua hii si lazima, usimsikilize, maana nguzo mbili za porini hazilingani kamwe.

Anza juu ya shamba. Narudia: anza juu. Anayeanza chini anajenga ukuta mbele ya maji ya shamba zima. Piga kigingi, weka mguu mmoja hapo, tembeza mguu wa pili juu au chini mpaka kamba ipite kwenye alama ya katikati, piga kigingi kingine. Endelea hivyo hadi mwisho wa shamba. Siku ya upepo acha, kamba itakudanganya. Mstari ukiwa na kona kali, lainisha kwa kusogeza vigingi kidogo.

Mstari unaofuata uwe wapi? Shuka kilima, geuka utazame juu, macho yakiwa sawa mbele yako bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Ukiona macho yanagonga ule mstari wa kwanza, hapo uliposimama ndipo mstari wa pili. Kilima kikiwa kikali mistari inakaribiana, kikiwa cha taratibu inaachana. Mwili wako umeshapima.

Kisha chimba. Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na udongo wote utupwe upande wa juu. Ndiyo maana tunaita fanya juu. Kati ya mtaro na ukingo acha shubiri moja, ukingo usije ukaporomokea ndani. Ndani ya mtaro, kila baada ya mita 10, acha kizuizi cha udongo kilicho chini ya ukingo kwa kiasi cha kiganja, ili maji yatulie yasikimbie. Juu ya ukingo panda majani ya mabingobingo, guatemala au vetiva. Vetiva inashika zaidi. Panda vipando kwa kuachana sentimita 15, mvua ikishakolea, sio mvua ya kwanza ya kudanganya. Kadiri miaka inavyopita, udongo unaoteremka unasimama nyuma ya ukingo na shamba linajitengenezea ngazi lenyewe.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, vaa koti ukazunguke shambani siku ileile. Ukiona mahali maji yamepanda juu ya ukingo, paongeze udongo na upashindilie. Ukingoja wiki moja, utakuta mfereji.

Na kuna mahali pasipochimbwa. Kilima ambacho mtu anakipanda kwa kushika majani, mtaro unaweza kulowesha udongo mpaka uteleze wote. Pale paache pawe pa miti na visiki. Naona wengine mnatikisa kichwa, mnasema ardhi ni ndogo. Ni ndogo kweli. Lakini shamba linaloporomoka linazidi kuwa dogo.

Neno moja kwa wenye michikichi kabla hatujashuka ziwani. Mashada matupu baada ya kutoa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, msiyachome. Yatandazeni kuzunguka mashina, yanatunza unyevu na kurudisha rutuba. Na yale maji machafu yenye mafuta yanayobaki baada ya kukamua mawese yasimwagwe kijitoni. Yakioza yanamaliza hewa ndani ya maji, na viumbe wanakufa bila sumu yoyote. Chimbeni shimo, mwageni humo pamoja na makapi, igeuke mbolea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Kinachoingia kinakaa.

Sasa wavuvi. Tumesema ziwa lina mita 1,470. Samaki wanaishi katika ngapi? Katika mita 100 hadi 200 za juu. Huko chini hakuna hewa ya kupumua. Lakini chakula kimezama huko, maana kila kinachokufa kinashuka. Kinachokirudisha juu ni upepo. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, inayasukuma maji ya juu yenye joto kuja kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba yanapanda. Ndipo mwani unapomea, vidudu vidogo vinakula mwani, dagaa wanakula vidudu, na mgebuka anamla dagaa.

Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, yanaelea kama mafuta, na upepo unashindwa kuyachanganya. Utafiti uliotoka mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula hicho cha chini kabisa umepungua kwa karibu asilimia 20. Joto hilo limetokana na moshi wa dunia nzima, na mvuvi wa Kibirizi amechangia kidogo sana. Hilo ni dhuluma na tuseme hivyo waziwazi. Lakini kwa sababu ziwa linazaa kidogo kuliko zamani, wavu uleule wa zamani leo ni mkubwa mno.

Ndiyo maana kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa, nasi tukaenda pamoja na majirani zetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Nchi hizi nne zilishatia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili, Dar es Salaam, mwaka 2003. Najua miezi ile ilikuwa migumu. Najua kuna nyumba zilizokopa unga. Sitasimama hapa niseme njaa ni kitu chepesi. Ninachoweza kuwaeleza ni kwa nini miezi mitatu ina maana kwa dagaa kuliko kwa samaki mwingine. Dagaa wa ziwa hili hukua na kuzaa ndani ya miezi, hasubiri miaka. Ukimpa nafasi ya kutaga mara moja, unamkuta mtoto wake msimu huohuo. Ila ukimfuata na kokoro ufukweni au na chandarua, unachota wale ambao hawajazaa hata mara moja. Hao si mavuno. Hao ni mbegu.

Na mama zangu, hapa sehemu yenu ni kubwa kuliko mnavyoambiwa. Karibu kilo 4 za dagaa wabichi hutoa kilo 1 ya wakavu. Wakioza mchangani kwa mvua ya siku moja, kilo 4 zimetolewa ziwani bure. Kuna njia ya kupata fedha zaidi bila kumgusa dagaa hata mmoja zaidi: kuokoa wale waliokwisha kuvuliwa.

Jengeni vichanja. Kimo cha mita 1 kutoka ardhini, upana wa mita 1 na sentimita 20 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, urefu kwa kadiri ya nafasi. Juu waya wa kuku, na juu ya waya wavu wa dagaa uliochakaa. Dagaa mchangani anakaushwa na jua upande mmoja na kulowanishwa na ardhi upande wa pili. Kichanjani upepo unapita chini yake pia. Haokoti mchanga, kuku hamfikii. Osheni kwa maji safi kabla ya kutandaza, tandazeni safu moja wasilaliane, geuzeni mara kwa mara asubuhi ile ya kwanza, maana wakishikana hawaachani tena. Turubai la mvua liinuliwe kwa fito lisiwaguse, la sivyo watachemka kwa mvuke wao.

Utajuaje wamekauka? Mkunje mmoja. Akivunjika kwa sauti, tayari. Akijikunja kama kamba, bado. Na msiwafunge kwenye gunia wakiwa na joto la jua. Wanatoa jasho ndani ya gunia, na baada ya siku chache ukungu umeingia. Waacheni wapoe kivulini, kisha magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Wanaobanika migebuka kwa moshi wana mfano wa kuazima kutoka Ghana. Kuelekea miaka ya 1970, wanawake wa kijiji cha wavuvi cha Chorkor, kule Accra, walishirikiana na wataalamu kutengeneza tanuri ambalo leo linabeba jina la kijiji chao. Ni ukuta wa mstatili wa matofali au udongo, kimo cha sentimita 60 hivi, wenye midomo miwili ya kuni. Juu yake zinapangwa trei za mbao zenye waya, moja juu ya nyingine. Trei zenyewe zinakuwa bomba la moshi, joto linapanda kwenye samaki badala ya kupotelea hewani. Kinachoharibu ni trei zisizolingana, moshi unavujia pembeni, na kusahau kubadilishana trei ya chini na ya juu, ya chini ikaungua.

Nimalizie jikoni, kwa ufupi. Kwa tanuri la kawaida la kufukia, tani 1 ya mkaa inameza kati ya tani 6 na 10 za kuni. Kwa hiyo kila gunia mnalolikwepa ni mti uliobaki kilimani kushika udongo. Anzeni na maharage, maana ndiyo yanayokula moto katika nyumba za Kigoma. Yalowekeni jioni, asubuhi mwageni maji yale. Yachemsheni kwa nguvu dakika 10 bila kupunguza, kwa sababu maharage, hasa mekundu makubwa, yana sumu inayokufa kwa mchemko mkali tu. Endeleeni dakika 20 zaidi, kisha chungu kikiwa kimefunikwa sawasawa kiingie kwenye kapu lililoshindiliwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, pande zote, chini na juu, unene wa kiganja. Msifunue. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameiva au yamebakiza kidogo. Yarudisheni motoni yachemke, ungeni. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yatagoma, hayo yaongezeeni muda wa moto. Na kuni ziwe zimepasuliwa nyembamba na kukauka. Kuni mbichi inatumia moto wako kujikausha yenyewe kwanza.

Ndugu zangu, mvua za Oktoba ziko karibu na ardhi bado ngumu. Pale nje chini ya mwembe kuna nguzo, vijiti, kamba na mawe ya kutosha kutengeneza vipimo kumi. Kila mtaa uchukue kimoja. Tutavifunga pamoja sasa hivi, tutavigeuza miguu, tutachonga alama ya katikati kwa kisu, na hakuna atakayeondoka na kipimo ambacho hakijafundishwa. Mwenye kisu na atangulie.